Aliyechoka Haamki kwa Kusemwa

Wajukuu zangu wa Ilemela, wa Kirumba na Kitangiri, wa Pasiansi, Buswelu na Nyakato, hadi ninyi wa Igombe, Sangabuye na Kayenze mnaolala mkisikia mawimbi, nisikilizeni. Nasaha hii ni ya wale miongoni mwenu mnaoishi na ugonjwa usiokwisha. Wengine mmezaliwa na selimundu, ile ambayo mitaani tunaiita siko seli. Wengine mna kisukari, presha, VVU, maradhi ya moyo au ya figo. Dawa mnameza, kliniki mnahudhuria, na bado mnaamka asubuhi mmechoka kama hamkulala. Mkiulizwa mna nini, jibu hamna.

Nimefanya kazi ya unesi hadi nikastaafu, na uzee umenikuta nikiwa na kisukari na presha. Uchovu huu nimeuona kwa wagonjwa na ninaujua mwilini mwangu. Ninalotaka mlishike ni hili: uchovu wa mgonjwa ni sehemu ya ugonjwa wake. Una haki ya kutafutiwa sababu, na sababu isipopatikana, bado ni uchovu wa kweli. Msikubali kuitwa wavivu, wala msijiite hivyo wenyewe.

Nianze na selimundu, maana imetujaa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu anakuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kinasaba hicho kimeenea sana pwani na kuzunguka ziwa letu, kwenye mbu tangu enzi za mababu. Anayekirithi kwa baba na kwa mama ndiye anayeugua. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini mwetu kila mwaka. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya upimaji wa sampuli za damu za watoto wadogo zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini magharibi, kazi iliyofanyika Hospitali ya Bugando. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba hicho, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo, mjukuu wangu unayedhani uko peke yako mtaani kwenu, hauko peke yako hata kidogo.

Sasa tazama mwili wenyewe. Seli nyekundu ya damu ya mtu asiye na selimundu huishi siku zipatazo 120. Ya mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20, kisha huvunjika. Uboho wake unatengeneza damu mpya usiku na mchana na haufikii kiwango. Moyo unasukuma kwa nguvu zaidi ili damu hiyo kidogo ifike kila mahali. Mtoto huyo ameketi kwenye dawati, hajabeba ndoo wala hajashika jembe, na mwili wake tayari uko kazini. Ukimwamsha alfajiri umkimbize mchakamchaka pamoja na wenzake, kisha ukamchapa kwa kubaki nyuma, umemwadhibu kwa damu aliyozaliwa nayo.

Hata hivyo, wingi wa damu hauelezi kila kitu. Unaweza kukuta vijana wawili wenye kipimo kimoja cha damu, mmoja anashinda sokoni na biashara yake, mwingine hawezi kunyanyuka kitandani. Maumivu ya usiku hukata usingizi. Figo za mwenye selimundu hushindwa kubana mkojo, kwa hiyo anaamka mara kwa mara kwenda haja. Wengine hewa huwapungua wakiwa wamelala. Hofu ya maumivu mengine nayo huchosha. Vitu hivi hujumlishana, na mwisho wake ni mtu aliyechoka ambaye karatasi ya maabara inasema yuko vizuri.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza: tafuteni sababu, na msitosheke na jibu la kwamba ndiyo hali yako, izoee. Mwenye ugonjwa mmoja anaweza kupata wa pili, na wa pili mara nyingi hutibika. Sisi wa mwambao tuanze na kichocho. Konokono wadogo wa majini hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayechota maji au anayesukuma mtumbwi. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo kwa miaka, na mayai yake huharibu utumbo na ini. Mtu hupungukiwa damu kidogo kidogo, huchoka, na wala haumwi kiasi cha kumpeleka hospitali. Kwa miaka mingi dawa yake, prazikwanteli, tumezoea kuiona ikigawiwa shuleni, na wavuvi, wachakataji wa dagaa na wasichana waliokwisha kumaliza shule wakasahaulika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mahali ambapo maambukizi yamefika asilimia 10 au zaidi, dawa wapewe watu wote kuanzia umri wa miaka 2. Basi ukienda kituo cha afya, iwe Buzuruga au Sangabuye, useme kwa mdomo wako: mimi naishi ziwani, naomba nipimwe kichocho. Na jua kwamba dawa haikuwekei kinga. Ukirudi majini, unaweza kukipata tena.

Baada ya kichocho ziko sababu nyingine ambazo daktari anaweza kuzitafuta: malaria, minyoo ya safura, kifua kikuu, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, figo zinazoanza kuchoka, moyo uliopanuka, sukari inayopanda usiku. Wasichana, hedhi nyingi inamaliza damu, na wengi wenu mmefundishwa kunyamaza kuihusu. Ziko pia dawa zenyewe. Baadhi ya dawa za presha huleta uzito wa mwili, na dawa ya zamani ya VVU iitwayo zidovudini inaweza kupunguza damu. Ukihisi dawa inakuchosha, usiiache kimyakimya. Rudi useme, maana nyingi zina mbadala. Aliyeacha dawa ya presha kwa sababu ya uchovu tumempokea wodini amepooza upande mmoja.

Hapa nawaonya jambo moja. Mwenye selimundu asijinunulie vidonge vya madini ya chuma dukani kwa kusikia kwamba vinaongeza damu. Chuma cha seli zake zilizovunjika hubaki mwilini, na akiongezewa damu mara kwa mara chuma huzidi na kuumiza ini na moyo. Anachohitaji kwa kawaida ni foliki asidi kila siku, na chuma apewe tu pale kipimo kinapoonyesha kimepungua. Muulize pia daktari kuhusu haidroksiyurea. Dawa hiyo huongeza aina ya damu ya mtoto mchanga ambayo haipindi kama mundu, hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu, na wengi hupata nguvu kidogo zaidi. Inatumiwa kwa kupima damu mara kwa mara, na anayetaka kupata mtoto azungumze na daktari kwanza.

Ukienda kwa daktari, nenda na maelezo. Ukisema nachoka tu, foleni ni ndefu na utaondoka na panado. Chukua daftari la shule, andika kwa wiki mbili: uliamka saa ngapi, ulifanya nini, uchovu ulikuja baada ya muda gani, ulidumu hadi lini, ulilala vipi, ulikula nini, hedhi ilikuwaje. Eleza unachoshindwa sasa ambacho mwaka jana uliweza: zamani nilipanda mlima wa nyumbani bila kusimama, sasa napumzika njiani. Maneno ya namna hiyo humpa daktari pa kuanzia. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walijua, na uchovu ni maradhi yanayofichwa kuliko yote kwa sababu mgonjwa anaona aibu kuyataja.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Umepimwa yote hayo, kilichotibika kimetibiwa, na uchovu umebaki. Daktari mzuri atakwambia kwamba hajaona sababu. Wewe usisikie kwamba amekuita mwongo. Sikilizeni kisa kimoja. Mwaka 1955 katika Hospitali ya Royal Free jijini London, karibu wafanyakazi 300 waliugua ugonjwa wa uchovu mkali na maumivu ya misuli, hospitali ikafungwa kwa miezi kadhaa. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili walisoma majalada yao, hawakuwachunguza wagonjwa wenyewe, wakaandika kwamba ulikuwa umanyeto, yaani kupagawa kwa hisia, wa wanawake. Maneno hayo yaliwatesa wagonjwa wa aina hiyo kwa miongo. Mwaka 2015 kamati ya Taasisi ya Tiba ya Marekani, baada ya kupitia maelfu ya tafiti, ilisema waziwazi kwamba uchovu huo sugu ni ugonjwa halisi wa mwili mzima. Alama yake kubwa ni kwamba mtu hufanya jambo dogo leo, kisha kesho au keshokutwa huanguka kabisa. Baada ya UVIKO wengi zaidi duniani wameujua uchovu wa aina hiyo.

Sisemi kwamba ninyi mna ugonjwa huo. Hilo ni la daktari kulisema. Ninawaeleza ili mjue kwamba wapo waliokataliwa kwa sababu tu vipimo havikuona kitu, na baadaye dunia ikakiri kwamba walisema kweli. Kipimo huona kile kilichotengenezewa kukiona. Msiusubiri ugonjwa wenu upate jina ndipo mjitunze.

Na kujitunza kwenyewe ni kupanga nguvu. Wavuvi wetu wa dagaa wamelijua jambo hili kuliko madaktari. Giza likiwepo wanaingia ziwani na taa zao na kukesha. Mbalamwezi ikiangaza, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wanapaki mitumbwi, wanashona nyavu, wanalala. Hakuna anayemwita mvuvi mvivu kwa kubaki nchi kavu mwezi mpevu, kwa sababu kila mtu mwaloni anajua kwamba kupumzika huko ni sehemu ya uvuvi. Nanyi mwili wenu una nyakati zake. Zijueni, mzipange, na mzitetee mbele ya watu bila kuomba radhi.

Pumzika kabla hujachoka. Wengi hufanya kinyume: wakipata siku moja nzuri wanafua nguo zote, wanakwenda sokoni, wanahudhuria kitchen party, halafu wanalala siku tatu. Igawe kazi. Fua nusu leo na nusu keshokutwa. Menya mihogo umekaa. Kama una genge, weka kiti na kivuli. Kama unafanya kazi ya mwaloni Kirumba, tafuta sehemu ya kazi inayofanywa umekaa, kuchambua au kuandika hesabu, uwaachie wengine kubeba magunia. Mazoezi nayo yana kipimo. Ukitembea mpaka kituo cha daladala na kesho ukaamka salama, wiki ijayo ongeza kidogo. Ukitembea na kesho ukaanguka, punguza, na usikubali mtu akulazimishe kuongeza kila siku kwa sababu ameona zoezi limemfaa yeye. Mwaka 2021 Uingereza ilibadili mwongozo wake wa tiba ya ule uchovu sugu, ikaacha kuwapangia wagonjwa mazoezi ya kuongezwa kwa lazima, kwa kuwa wengi walieleza kwamba yaliwaumiza.

Mwenye selimundu anywe maji mchana kutwa, aepuke baridi ya alfajiri na kuogelea kwenye maji baridi, alale ndani ya chandarua. Mwenye kisukari asiruke mlo, maana udhaifu wa sukari kushuka si wa kulala nao. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kibanda, viacheni. Vinakukopesha saa mbili na kukudai usiku mzima wa usingizi, na moyo unaofanya kazi ya ziada hauvihitaji.

Jingine ni la dini na tiba za asili. Mimi ni mtu wa sala na ninaamini Mungu huponya. Lakini anayekwambia utupe dozi ndipo upone, huyo mkimbie. Rozela na majani ya kienyeji si vibaya kwa chakula, ila dawa ya mitishamba usiyojua ilichanganywa na nini inaweza kumaliza figo ambazo tayari ni dhaifu. Na akitokea mtu wa kukwambia kwamba umechoka kwa sababu kuna jirani au bibi anayekufanyia, ziba masikio. Usukuma wetu umemwaga damu ya wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu ya moshi wa kuni yakafanywa ushahidi. Nasema haya nikiwa mwanamke mzee. Uchovu wenu usije ukawa sababu ya mtu asiye na hatia kukatwa panga.

Kwenu wazazi, waume, wake na mawifi mnaosoma: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkamwana anayeshindwa kuamka alfajiri kuchota maji hajaidharau ndoa. Kijana anayelala mchana likizo nzima hajawadharau. Mnamwona anacheka Jumapili kanisani, mnauliza Jumatatu kulikoni. Hamkuona Jumamosi alivyolala ili aiweze Jumapili hiyo. Muulizeni swali moja tu kila asubuhi: leo una nguvu za kiasi gani? Kisha mwamini jibu lake. Walimu, andikeni kwenye kumbukumbu za darasa kwamba mtoto huyu anaruhusiwa kunywa maji, kwenda chooni na kupumzika, ili hata mwalimu mgeni ajue. Aliyechoka haamki kwa kusemwa. Anaamka kwa kulala, kwa kutibiwa na kwa kupunguziwa mzigo.

Na ninyi mnaoelekea kuoa na kuolewa, pimeni selimundu kabla ya posa, na semeni ukweli wa uchovu wenu kabla ya ndoa. Mchumba anayekimbia kwa kusikia kwamba wewe unahitaji kupumzika mchana angekimbia pia ungelazwa wodini. Bora akimbie sasa, mahari haijahesabiwa.

Upo pia uchovu wa moyo. Kijana anaona wenzake wa darasa moja wamefika chuo, wana kazi, wanajenga, na yeye bado anahesabu siku za kliniki. Hiyo ni huzuni halali, ilieni. Lakini huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, chakula kikakosa ladha, ukaanza kuwaza kwamba ni heri usingekuwapo, hiyo ni sonona, na sonona ni ugonjwa wenye tiba. Mwambie nesi wa kliniki yako. Kutibiwa sonona hakumaanishi kwamba uchovu wako ulikuwa wa kubuni. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kimoja kikipungua kingine hubebeka.

Mwisho, jueni uchovu usiotakiwa kuvumiliwa. Ukichoka ghafla kuliko kawaida yako, ukabanwa kifua au pumzi, ukapata homa, macho yakazidi umanjano, mkono au mguu ukafa ganzi, maneno yakapinda, bandama ya mtoto ikavimba, au uume wa mwanaume ukasimama kwa saa kadhaa kwa maumivu: hapo ni hospitali mara moja, iwe usiku, iwe mvua, iwe hakuna hela mfukoni. Weka pembeni nauli ya bodaboda ya dharura kila mwezi, na kadi yako ya kliniki iwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua.

Wajukuu zangu, kazi yenu duniani haikupunguzwa kwa sababu mna nguvu chache. Imebadilishiwa ratiba. Yuko atakayesoma miaka mitano kile ambacho wengine wamesoma mitatu, na atahitimu. Yuko atakayelea watoto akiwa amekaa, na watalelewa. Someni, fanyeni kazi, pendaneni, kwa mwendo ambao miili yenu inauweza, na atakayewacheka, bibi anasema, mwacheni apite. Kesho nunueni daftari, mwanze kuandika, na kliniki ijayo mlifungue mbele ya daktari. Mungu awape afya, na pale afya isipokamilika, awape watu wa kuwaamini.